KIBALI CHA SOLA HAKUNA, RISITI NDIYO IPO: Gharama na karatasi za kufunga sola nyumbani, kutoka Munisagara

Hii ni ndefu kidogo, lakini mwenye mama, baba au shangazi kijijini aisome mpaka mwisho, maana inahusu hela zetu na hela zao.

Mwaka 2023 bi mkubwa wangu pale Munisagara aliuza mbuzi na magunia ya vitunguu akafunga sola. Mimi sikuwepo. Alinipigia simu kwa furaha: "Mwanangu, na mimi sasa nina taa." Alilipa shilingi 450,000 taslimu. Nilipokwenda kumsalimia miezi minane baadaye nikakuta kibatari kimerudi mezani. Betri imekufa.

Nikamwomba karatasi za hiyo sola. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, ndani mna karatasi moja tu. Juu imeandikwa KIBALI CHA UMEME WA JUA, chini kuna muhuri wa bluu usiosomeka.

"Hiyo niliilipia elfu hamsini," akasema. "Yule kijana alisema bila kibali serikali wanakuja kung'oa."

Risiti hamna. Dhamana hamna. Jina la duka hamna. Namba ya simu ya huyo kijana haipatikani mpaka leo.

Kwa wasiokujua kwetu: Munisagara ni kijiji cha wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwenye bonde la mto Mkondoa, na kina stesheni kwenye ile reli ya kati ya zamani ukitoka Kilosa mjini kuelekea Kidete na Gulwe. Jina lenyewe linamkumbusha Mwinyi Sagara, mtawala wa Usagara ambaye Desemba 1884 Mjerumani Karl Peters alimletea karatasi ya mkataba, na Februari 1885 Kaizari akatoa hati ya kuilinda himaya iliyotokana na karatasi za aina hiyo. Kwa hiyo sisi tulipaswa tuwe wa kwanza nchini kujifunza: mgeni akija na karatasi yenye muhuri, isome kwanza.

Basi nikaamua kufuatilia mwenyewe, ofisi kwa ofisi na duka kwa duka. Haya ndiyo niliyoyapata.

JIBU FUPI KWA WENYE HARAKA

Kwa sola ya kawaida ya nyumbani kwa Tanzania Bara, yaani ya taa, simu, redio na TV, inayotumika ndani ya nyumba yako mwenyewe, hakuna kibali cha serikali cha kununua. Mtu akikuuzia "kibali cha sola", huyo ni kishoka.

Karatasi unazotakiwa kuwa nazo ni nyingine, na wewe ndiye unayezidai, hazidaiwi kwako: risiti, dhamana, na maandishi ya fundi yenye jina lake na sahihi yake. Mama yangu alilipia karatasi isiyohitajika, akanyimwa tatu zinazohitajika.

NANI ANAHUSIKA NA NINI

1. EWURA. Hii ndiyo mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Sheria ya Umeme ya 2008 inawaondoa kwenye hitaji la leseni wazalishaji wadogo, wa chini ya megawati 1, wanaozalisha kwa matumizi yao wenyewe. Megawati 1 ni wati milioni moja. Paneli ya bi mkubwa ni wati 200. Yaani zingehitajika paneli 5,000 kama ile ndipo afikie mpaka huo. Mambo yanabadilika ukianza kuvuta waya kwa majirani na kuwauzia umeme. Hapo sio sola ya nyumbani tena, ni biashara ya kusambaza umeme, na EWURA wana utaratibu wake hata kwa wadogo. Nenda kaulize kabla hujatandika waya.

2. Leseni ya fundi. Hapa ndipo EWURA wanakuhusu kweli. Mafundi umeme wanapewa leseni na EWURA kwa madaraja, na kila daraja lina kazi zake. Muulize fundi: leseni yako iko wapi, daraja gani, inaisha lini? Ukweli tuuseme, sola nyingi za vijijini hufungwa na vijana wasio na leseni, na wengine wanaijua kazi vizuri tu. Kama huyo ndiye uliyenaye, angalau awe na cheti cha VETA, maana VETA wanafundisha kozi za sola, na akuonyeshe nyumba mbili alizozifunga zaidi ya mwaka mmoja uliopita zikiwa bado zinawaka. Wenzetu Kenya wana kanuni za sola tangu 2012, na mafundi wao wa sola wanapewa leseni na mamlaka ya nishati kwa ukubwa wa mtambo anaoruhusiwa kufunga.

3. TBS. Shirika la Viwango linahusika na ubora wa vifaa vinavyouzwa. Huendi TBS kuomba kitu. Kazi yako ni kukataa kifaa kisicho na jina la mtengenezaji, modeli wala namba.

4. TRA. Sheria ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, iliweka baadhi ya vifaa vya sola kwenye orodha ya msamaha wa VAT. Orodha hiyo huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kila Julai 1. Muuzaji akikuambia "bei imepanda sababu ya VAT", mwambie aandike VAT hiyo kwenye risiti. Risiti yenyewe iwe ya EFD. Ina namba ya uhakiki ambayo unaweza kuipima kwenye tovuti ya TRA. Risiti iliyoandikwa "vifaa mbalimbali" haikusaidii siku ya ugomvi. Iandikwe: paneli wati kadhaa, betri Ah kadhaa, modeli kadhaa.

5. Halmashauri na serikali ya kijiji. Kuweka paneli juu ya bati la nyumba yako ambayo tayari ipo hakuna ada kijijini. Mtendaji wa kijiji nilimuuliza uso kwa uso, akacheka, akasema hata yeye hajawahi kuuona huo muhuri. Ila kama unajenga banda jipya au mnara wa kubebea paneli, na uko mjini kama Kilosa, Kimamba au Mikumi, hilo ni jengo, kaulize halmashauri habari ya kibali cha ujenzi. Na wale wenye nyumba zilizowekwa alama ya X karibu na reli: usimwage zege kwa ajili ya sola. Funga kwa bolti, kitu unachoweza kukifungua ukahama nacho.

6. TANESCO. Sola isiyounganishwa na gridi haiwahusu. Ikiunganishwa inawahusu sana, nitaeleza chini.

7. NEMC. Betri kuukuu ya asidi ni taka hatari. Anayezikusanya kibiashara anahitaji kibali cha NEMC. Wewe wa nyumbani huhitaji kibali, ila usiipasue, usimwage asidi shambani, na watoto wasichezee risasi iliyomo ndani. Betri iliyokufa ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na maduka mengine hukupunguzia ukirudisha.

FANYA HESABU KABLA HUJAINGIA DUKANI

Ukiingia dukani bila hesabu, muuzaji atakupigia yeye, na hesabu yake inaishia kwenye kile alichonacho stoo. Hesabu ni darasa la tano tu: wati za kifaa mara saa kinazowaka kwa siku. Ya kwetu ilikuwa hivi:

- Taa 6 za LED, wati 5 kila moja, saa 5: 150
- Taa ya nje, wati 5, saa 12: 60
- Simu 3, kila moja kama 15: 45
- Redio, wati 5, saa 6: 30
- TV ndogo ya DC, wati 25, saa 4: 100
- King'amuzi, wati 12, saa 4: 48

Jumla wati-saa 433 kwa siku.

Njiani umeme unapotea: kwenye waya, kwenye betri, kwenye joto la paneli, kwenye vumbi. Mimi nagawanya kwa 0.7, napata 618. Jua la kutegemea huku kwetu nimelihesabu saa 4 na nusu kwa siku, sio saa 12 kama watu wanavyodhani, kwa sababu la asubuhi na la jioni ni dhaifu. 618 gawanya kwa 4.5 ni wati 137. Yaani paneli ya 150 ingetosha kiangazi. Nikachukua 200 kwa sababu ya masika. Kwenye lile bonde mwezi wa nne mawingu yanakaa juu ya milima siku tatu mfululizo.

Betri: ya asidi au jeli usiitumie zaidi ya nusu, ukiimaliza kila siku inakufa haraka. 433 gawanya kwa volti 12, gawanya kwa 0.5, unapata kama Ah 72. Nikachukua 100. Betri za lithiamu zinavumilia kutumika mpaka asilimia 80, kwa hiyo ya Ah 50 ingetosha kazi ileile na ingedumu zaidi, ila siku niliyonunua bei ilinishinda.

NILICHOLIPA

Hizi ni bei nilizolipa mimi, nikichanganya Morogoro mjini na Kilosa. Za kwako zitatofautiana, chukua kama kipimo tu.

- Paneli wati 200: 190,000
- Betri ya jeli Ah 100: 340,000
- Chaji kontrola ampea 20: 45,000
- Taa 7 za DC: 28,000
- Waya mnene kutoka paneli, mita 10: 35,000
- Waya wa ndani, mita 50: 75,000
- Swichi, holda, fyuzi, maboksi: 38,000
- Fremu ya chuma na bolti: 40,000
- Sanduku la betri la mbao: 15,000
- Fundi: 80,000
- Usafiri, basi na bodaboda: 34,000

Jumla: 920,000. TV, king'amuzi na redio vilikuwepo.

Angalieni kitu kimoja. Ukiuliza dukani "sola bei gani" utatajiwa paneli na betri, yaani 530,000. Zile 390,000 nyingine hazitajwi. Watu wengi hela inaishia hapo, ndipo fundi anapounga waya mwembamba wa spika na kuacha fyuzi.

Inveta sikununua kabisa, kwa makusudi. Kila kitu ni cha volti 12 moja kwa moja. Inveta inakula umeme hata kama hujachomeka kitu. Kama una TV ya kawaida utaihitaji, basi iongeze kwenye hesabu. Pasi, heta na jiko la umeme sahau. Sola ya ukubwa huu haibebi.

GHARAMA AMBAYO HAKUNA ANAYEKUAMBIA

Watu wanasema jua ni bure. Jua ni bure, betri sio bure.

Paneli nzuri inaishi miaka 20 na zaidi. Betri ya jeli ukiitunza ni miaka mitatu, minne ukiwa na bahati. Chukua 340,000 gawanya kwa miezi 36: ni kama 9,450 kwa mwezi. Hiyo ndiyo "LUKU" yako ya sola. Usipoiweka pembeni kila mwezi, mwaka wa tatu utarudi kwenye kibatari na kusema sola ni utapeli, kumbe hukuwa na mpango.

Bi mkubwa tumemwekea kopo. Kila akiuza mayai anatupia kitu. Anasema: "Baba, hili kopo ndilo kibali chenyewe." Sikuwa na jibu.

TANESCO AU SOLA?

Hapa naomba niwe mkweli hata kama wauza sola watanuna. Kama nguzo imefika jirani na nyumba yako, chukua TANESCO kwanza.

Ada ya kuunganishwa kijijini ni 27,000 tu. Mjini ni habari nyingine: tangu Januari 2022 walio ndani ya mita 30 wanalipa 320,960. Juu ya hapo utalipia waya za ndani kwa mkandarasi mwenye leseni. Asiye na uwezo wa kutandika waya nyumba nzima aulize habari ya kifaa cha UMETA, kina soketi na taa zake tayari. Maombi siku hizi yanafanyika kwa NIKONEKT, uwe na namba ya NIDA.

Kisha hesabu ya matumizi. Zile wati-saa 433 kwa siku ni kama uniti 13 kwa mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1 inakuwa 122. Mara 13 ni 1,586 kwa mwezi. Linganisha na 9,450 ya betri peke yake. Haina ubishi.

Sasa kwa nini nilimfungia bi mkubwa sola? Kwa sababu kijiji kuwa na umeme sio sawa na kitongoji chako kuwa na umeme. Tanzania Bara inahesabiwa vijiji 12,318 lakini vitongoji ni 64,359. Nguzo zikifika shuleni au zahanati, kijiji kinasomeka kimepata umeme. Nyumba ya mama iko ng'ambo, kupanda mlimani, mbali na nguzo ya mwisho. Kila mwaka wanaambiwa "mradi unakuja", na utakuja tu, REA wapo kazini. Ila mvua haisubiri mradi.

Na sio taa tu. Mkondoa ni mto unaojulikana. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwatoa watu majumbani mwao. Usiku wa mvua kubwa nataka simu ya mama iwe na chaji na taa ya nje iwake, ajue maji yamefika wapi. Hiyo siwezi kuipigia hesabu ya uniti.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujanunua sola kubwa nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya, uliza kitongoji chako kimo kwenye mradi gani. Kama ni miezi michache, nunua taa ndogo ya sola yenye chaji ya simu, usubiri. Kama hawakitaji kabisa, funga ya maana.

Ukiwa na vyote viwili, gridi na sola, usiunganishe kienyeji. Lazima kuwe na swichi ya kuchagua, huu au ule, ifungwe na fundi mwenye leseni. Umeme wa inveta yako ukirudi kwenye nguzo wakati TANESCO wamekata ili watengeneze, unaweza kumuua fundi aliye juu. Na kama unataka kuwauzia ziada yako, EWURA wametoa kanuni tangu 2018, lakini unahitaji mkataba na TANESCO na mita yake. Mwenye hoteli pale Mikumi anaweza kuliwaza hilo. Mwenye taa saba aachane nalo.

SOLA ZA MKOPO

Hizi za kulipa kidogo kidogo kwa simu zimewasaidia wengi wasio na 920,000 mfukoni. Sizipingi. Ila kabla ya kuweka dole gumba uliza mambo manne:

- Jumla yote ni shilingi ngapi? Sio kwa siku, jumla. Kwa mfano 1,000 kwa siku inasikika ndogo, lakini miaka mitatu ni 1,095,000.
- Nikichelewa inazimwa baada ya siku ngapi, na wanakuja kuichukua lini?
- Betri ikifa katikati ya mkopo nani anaibadilisha?
- Nikimaliza inafunguka kabisa, naweza kuweka betri na taa za kampuni nyingine?

Na kampuni nazo zinaweza kuanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi hapa Tanzania, ilifilisika 2019, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huohuo. Wale walibahatika kupata mnunuzi. Kwa hiyo tunza meseji zote za malipo na mkataba, karatasi sio simu peke yake.

UJANJA WA DUKANI

Sola ya kwanza ya mama niliipima mwenyewe. Paneli ilikuwa na stika ya "150W". Urefu sentimita 70, upana 50, yaani meta za mraba 0.35. Paneli nzuri za siku hizi zinatoa kama wati 200 hadi 220 kwa kila meta moja ya mraba. Kwa hiyo ile haiwezi kuvuka wati 77 hata jua lishuke juu ya bati. Nenda dukani na futi. Stika inadanganya, futi haidanganyi. Geuza pia nyuma: zidisha volti za kazi kwa ampea za kazi, jibu liwe sawa na wati zilizoandikwa.

Betri, inyanyue. Ya jeli ya Ah 100 ya kweli ina kilo 25 mpaka 30, inakuumiza mgongo. Ile ya mama iliandikwa 100 na niliibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu. Pima na volti: iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7. Ikisoma chini ya 12 imekaa stoo mpaka imechoka, iache.

Dhamana iandikwe kwenye karatasi ya duka: miezi mingapi, inahusu nini, na nani anagharimia usafiri wa kuirudisha. "Ikiharibika njoo tu bosi" sio dhamana.

WAKATI WA KUFUNGA SIMAMA HAPOHAPO

- Paneli itazame kaskazini, maana sisi tuko kusini ya ikweta, ilale kwa nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mwembe kikigusa pembe tu, umeme unashuka sana.
- Paneli isilale juu ya bati moja kwa moja. Iachiwe nafasi hewa ipite, joto linapunguza umeme. Na matundu ya bolti yazibwe vizuri, usije ukapata taa ukapoteza paa.
- Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Volti 12 haikurushi, lakini waya ukigusana unaweza kuchoma nyumba.
- Betri ikae kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na jiko na mahali pa kulala.
- Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua ni kinyume chake.
- Huku milimani radi zipo. Weka waya wa ethi kwenye fremu.
- Bolti za mwisho zivunjwe vichwa au zichomelewe. Wezi wa paneli wapo.

Mwisho fundi aandike: tarehe, vifaa alivyofunga, jina lake, simu yake, namba ya leseni kama anayo, sahihi. Nusu ya hela ya ufundi mpe siku hiyo, nusu baada ya wiki mbili. Wa kwetu alikubali bila kinyongo. Anayekataa kabisa ana sababu yake.

UKISHALIWA

Kama una risiti, anza dukani na dhamana mkononi. Wakikuzungusha kuhusu bidhaa bandia, kuna Tume ya Ushindani, FCC. Kuhusu fundi mwenye leseni aliyeharibu, peleka malalamiko EWURA. Aliyekuuzia kibali feki huyo ni wa polisi, na usisubiri miezi minane kama sisi. Madai ya hela ndogo yanasikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Lakini kote huko swali la kwanza ni moja: karatasi ziko wapi?

Sisi hatukuwa nazo, kwa hiyo 450,000 imekwenda na maji ya Mkondoa. Ile paneli ndogo haikutupwa, inachaji simu za watoto wa jirani mchana. Kile kibali mama hataki nikichane. Ameking'ang'ania kwenye mfuko uleule pamoja na risiti ya EFD, dhamana na karatasi ya fundi mpya. Kila mgeni akija anazitoa zote nne, anazipanga mezani chini ya taa na kuuliza ipi ni ya uongo. Wengi wanakosea, maana ile ya uongo ndiyo yenye muhuri mkubwa.

Wadau wenye bei za mikoa mingine, hasa za lithiamu, tupieni hapo chini tulinganishe. Na kama kuna aliyeuziwa kibali kama cha mama, aseme wilaya gani, tujue hawa jamaa wamefika wapi.

Naomba kuwasilisha.